Kumzuia Mbwa Asimshambulie Kalunguyeye: Mwongozo kwa Wenye Nyumba Malindi

Malindi mbwa wengi hawafugwi kwa kuchezewa, wanafugwa kwa ulinzi. Mchana kutwa wamo bandani au wamefungwa mnyororo chini ya mwembe, na jua likishatua hufunguliwa wazunguke ua mpaka alfajiri. Jua likishatua ndipo kalunguyeye naye hutoka mafichoni kutafuta riziki yake. Kwa hiyo wanyama hawa wawili hawakutani kwa bahati mbaya. Wanakutana kwa sababu saa zao ni zile zile na uwanja wao ni ule ule.

Ndiyo maana ushauri unaosikika mara nyingi, wa kumfungia mbwa ndani usiku kucha, hautufai sana. Mwenye nyumba wa Casuarina, Barani au Muyeye hawezi kumfungia mlinzi wake saa za ulinzi. Analoliweza ni kugawa uwanja, kuipanga vizuri saa ya kwanza ya usiku, na kumfundisha mbwa kuacha anapoambiwa aache. Mambo hayo matatu yakifanywa pamoja, kalunguyeye hupita salama na nyumba hubaki na ulinzi wake. Likifanywa moja tu, hasa lile la kumgombeza mbwa, hali hubaki ile ile.

Hakikisha kwanza ni kalunguyeye

Wengi humchanganya kalunguyeye na nungunungu. Nungunungu ni mnyama mkubwa, hupita kilo 10 na wengine hufika 20 na zaidi. Miiba yake ni mirefu, nayo hung'oka ikabaki mwilini mwa mbwa. Mbwa aliyechomwa na nungunungu apelekwe kwa daktari wa mifugo haraka. Usiikate ile miiba, wala usiivute mwenyewe ikiwa imezama karibu na jicho, kooni au kifuani.

Kalunguyeye ni mdogo, anatosha kwenye viganja viwili vya mtu mzima. Huyu wetu wa Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Atelerix albiventris, ana uzito wa kati ya gramu 250 na 600 hivi. Tumbo lake ni jeupe, paji la uso jeupe, pua imechongoka, miiba ni mifupi yenye rangi ya udongo na ncha nyeupe, na kwa kawaida miguu ya nyuma ina vidole vinne vinne. Miiba yake haimtoki ovyo kama ya nungunungu.

Si lazima umwone ndipo ujue yupo. Tazama asubuhi pembeni mwa ukuta na kando ya bomba la maji: mavi madogo meusi yenye vipande vya magamba ya wadudu vinavyong'aa ni yake. Usiku husikika akipuliza pumzi na kukoroma chini chini kwenye majani makavu. Na mbwa mwenyewe atakwambia. Mbwa anayembwekea mtu huelekea langoni au ukutani na kichwa kakiinua. Mbwa aliyemkuta kalunguyeye husimama mahali pamoja, pua chini, akibweka kwa sauti nyembamba, akipeleka mguu na kuurudisha upesi.

Inafaa kujua mnyama huyu anakula nini, maana hapo ndipo penye ufunguo wa kumpeleka upande unaoutaka. Anakula mchwa na kumbikumbi, mende, panzi, majongoo, konokono, minyoo, na mayai ya ndege walioatamia chini akiyapata. Mkulima wa mboga angemlipa mshahara kama ingewezekana. Wakati wa masika na wakati wa vuli, wadudu wakiwa tele, utamwona mara kwa mara. Ukame ukizidi na chakula kikiadimika, anaweza kujificha akalala usingizi mzito kwa muda mrefu. Usidhani amehama.

Kwa nini kujikunja hakumwokoi

Kalunguyeye akitishwa hujikunja akawa donge la miiba, kichwa na miguu ndani. Mbwa mdogo au mwoga huchomwa pua mara moja mbili, akaondoka. Mbwa mkubwa wa ulinzi si hivyo. Akishapandwa na mori, maumivu ya mdomoni humzidishia hasira badala ya kumpunguzia. Atampindua kwa mguu, atambwekea kwa saa nzima, atamrusha, na mwishowe atamng'ata mpaka meno yapenye. Tumbo la kalunguyeye halina miiba, na mifupa yake ni myembamba. Jeraha la jino la mbwa huonekana dogo kwa nje huku ndani kumeharibika vibaya.

Watoto ndio walio hatarini zaidi. Mimba ni ya siku 35 hivi, na mara nyingi huzaliwa watoto wanne au watano, vipofu, miiba yao ikiwa bado chini ya ngozi. Hutokeza baada ya kuzaliwa, nayo huwa laini. Macho hufunguka baada ya wiki mbili au zaidi. Mpaka watimize wiki nne hadi sita hawawezi kujitegemea, kwa hiyo mbwa akimuua mama, watoto walio chini ya lundo la makuti hufa kwa njaa bila mtu kujua.

Sisemi haya ili umchukie mbwa wako. Mbwa anafuata harufu na kitu kinachotembea. Ndivyo alivyoumbwa, na ndiyo sababu ulimchukua akulindie. Kumpiga fimbo baada ya tukio hakumfundishi kumwacha kalunguyeye. Kunamfundisha kukuogopa wewe, na mbwa anayemwogopa bwana wake haitiki akiitwa. Kesho usiku utamhitaji aitike.

Hatua ya kwanza: usiku wa leo

Hili ni la kufanya kabla hujanunua msumari wala waya.

Alasiri, jua likipungua makali, mtoe mbwa akatembee kwa nguvu nusu saa au zaidi. Mbwa aliyefungwa tangu asubuhi akifunguliwa usiku hutoka na nguvu za kutwa nzima, na kiumbe cha kwanza kusogea mbele yake ndicho kinachozipokea. Ukimpeleka pwani, mshike kwa kamba. Fukwe zetu, kuanzia Watamu hadi Malindi na kuendelea, hutagiwa mayai na kasa, na mbwa huru huyafukua.

Akirudi, mpe chakula chake chote palepale, asubiri, kisha ondoa sahani. Mabaki ya ugali na samaki yakilala nje usiku huita siafu na mende, na mende huita kalunguyeye hadi mlangoni pa banda la mbwa. Hili pekee limemaliza ugomvi katika nyua nyingi.

Mbwa usimfungue saa moja ya usiku kwa mazoea tu. Maadamu watu bado wako macho, taa zinawaka na watoto wanaingia na kutoka, ulinzi wake hauhitajiki sana. Mfungue wakati nyumba inakwenda kulala. Kabla ya hapo mtu mmoja azunguke na tochi, akikanyaga kwa sauti na kugusagusa vichaka kwa fimbo, atazame chini ya bogenvilia, kando ya tangi, nyuma ya pampu na palipo na taka. Kalunguyeye akisikia kishindo ama ataondoka ama atajikunja. Ukimwona amejikunja, msubiri au msogeze kwa namna nitakayoeleza chini.

Kisha mzunguko wa kwanza mbwa aufanye akiwa ameshikwa kamba, na askari au na wewe. Akishazunguka mara moja kwa utulivu, akanusa na kukojoa anapotaka kukojoa, mori wa kufunguliwa umeshuka. Hapo mwachie.

Hatua ya pili: kugawa uwanja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo panapolipa. Chukua karatasi uchore kiwanja chako, halafu jiulize mbwa analinda nini. Jibu kwa kawaida ni lango, mlango wa mbele na wa nyuma, madirisha, gari na pampu. Hana kazi kwenye shamba la mihogo huko mwisho, wala kwenye lundo la majani, wala nyuma ya choo cha zamani. Sehemu hizo ndizo kalunguyeye anazopenda. Mpe yeye.

Tenganisha pande hizo mbili kwa ua wa kimo cha mita moja na nusu hivi, ama zaidi kwa mbwa mwenye kuruka. Vigingi vya mvinje hupatikana kwa urahisi Malindi nzima. Juu unaweza kuweka waya wa kuku, lakini usiufikishe ardhini: kalunguyeye huingiza kichwa kwenye tundu la waya na miiba humzuia kurudi nyuma, akanaswa hapo mpaka jua limkute. Chini weka mbao, mabati au makuti yaliyoshonwa mara mbili, kimo cha magoti, na uyazike kidogo udongoni ili mbwa asichimbe. Kwenye upande huu wa kati usiache tundu lolote.

Matundu yawe upande wa nje, kwenye ukuta au ua unaopakana na shamba la jirani au uchochoro, ndani ya ile sehemu uliyompa kalunguyeye. Tundu la sentimita 12 kwa 12 linamtosha. Akipata njia yake ya kuingia na kutoka bila kukanyaga upande wa mbwa, ataifuata kila usiku. Watu huogopa kwamba tundu kama hilo litaingiza nyoka. Nyoka anapita mahali padogo kuliko hapo, na ukuta wenye lango la chuma lililoinuka kidogo tu umeshampa njia tayari. Mwizi hapiti.

Matundu yaliyo upande wa mbwa yazibe, ila si leo kwa leo. Kwanza yajaze majani makavu kwa wepesi, na chini nyunyiza mchanga laini. Majani yakikutwa yamesukumwa asubuhi, tundu linatumika. Mnyama akiwa ameingia ndani usiku huo na wewe ukaziba mchana, umemfungia pamoja na mbwa. Yakipita mausiku kadhaa majani hayajaguswa, ziba.

Sasa zitazame taa. Jambo hili halifikiriwi, na mimi naliona ndilo kubwa. Taa nyeupe kali inayowaka usiku kucha langoni hukusanya wadudu, na msimu wa mvua kumbikumbi hudondoka chini yake kwa mamia. Kalunguyeye anajua. Anakuja kula pale pale penye taa, na pale ndipo mbwa analala. Badilisha balbu uweke ya mwanga wa njano, ambayo huvuta wadudu wachache zaidi, au weka taa inayojiwasha mtu anapopita. Ukiwa na taa ndogo ya zamani isiyo na kazi, iwashe upande wa kalunguyeye saa mbili tatu za mwanzo wa usiku. Wadudu watahamia huko, naye atawafuata.

Upande wa mbwa okota maembe na mapera yaliyodondoka kabla ya kuoza. Upande wa kalunguyeye acha lundo la majani na makuti mahali pakavu penye kivuli, mawe machache, na sahani ya maji isiyo na kina. Chakula usimwekee. Atajitafutia.

Dawa za panya na za konokono usizitumie upande wowote. Zinaua kalunguyeye, na mbwa pia.

Kuna mambo mawili ya mchana yasiyohusu mbwa ila ni ya ua huo huo. La kwanza ni moto. Tumezoea kufagia majani asubuhi, kuyakusanya na kuyachoma. Kwa kalunguyeye lundo lile ni nyumba, na mnyama anayejikunja akiogopa hakimbii moto. Kabla ya kuwasha, lihamishe lundo zima kwa reki hadi mahali pengine, taratibu, ndipo uwashe. La pili ni mashimo: msingi wa nyumba, shimo la taka, karo lisilofunikwa, bwawa la kuogelea. Egemeza ubao wenye mikwaruzo au gunia lililofungwa juu likaning'inia hadi chini, ili aliyetumbukia apate pa kupandia.

Hatua ya tatu: neno moja, "acha"

Kabla ya kumfundisha mbwa, walio nyumbani wakubaliane. Baba akisema "acha", askari akasema "toka", na mtoto akapiga kelele "wewe!", mbwa hajifunzi chochote. Chagueni neno moja, la Kiswahili au la Kigiriama, nyote mlitumie hilo hilo.

Anza mchana, mahali patulivu, mbwa akiwa na njaa kidogo. Chemsha maini bila chumvi, yakate vipande vidogo vidogo. Fumba kipande kimoja mkononi, mpe mbwa anuse ngumi yako. Atalamba, atasukuma kwa pua, pengine atakwaruza. Nyamaza. Punde ataondoa pua, hata kwa sekunde moja. Hapo hapo mwambie "vizuri" na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kile alichokatazwa asipewe kamwe, maana unamfundisha kwamba kukiacha kitu hiki kunaleta kitu kingine kilicho bora.

Rudia mpaka aondoe pua mara tu anapoiona ngumi. Sasa ndipo neno liingie: sema "acha" kwa sauti ya kawaida, kisha leta ngumi. Halafu fungua kiganja. Halafu weka kipande chini ukikifunika kwa mguu. Halafu kiache wazi huku mkikipita, mbwa akiwa kwenye kamba. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Ukivuta zaidi anachoka na wewe unakasirika. Ukiona amekosa mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma.

Akiweza hilo, ongeza uzito. Kitambaa kilichofungwa uzi na kuburutwa mbele yake. Mpira unaobingirika. Kuku waliomo nyuma ya waya. Kila mara "acha", na akigeuza kichwa kukutazama wewe, mpe maini kwa ukarimu. Kwa mbwa mwepesi hili huchukua wiki chache. Kwa mbwa mzee aliyezoea kuwinda huchukua miezi, na wapo ambao hawafiki.

Fundisha na "njoo" kwa njia hiyo hiyo. Usimwite kamwe ili umfunge au umpige. Ukihitaji kumfunga, mwendee wewe. Mbwa ambaye kila akiitwa anaishia bandani ataacha kuja.

Kisha hamia usiku. Mvalishe mkanda wa kifuani, si wa shingo, ufunge kamba ya mita nane hadi kumi, na mtembee upande wake mwenyewe, sambamba na ule ua wa kati. Mwangalie mwili. Kabla ya kubweka atakakamaa, masikio mbele, mkia juu, pua imeelekea mahali pamoja. Hapo ndipo pa kusema "acha". Ukichelewa mpaka aanze kubweka, hakusikii tena. Akigeuka, msifu na umpe. Asipogeuka, mmekaribia mno. Rudini nyuma hatua kwa hatua mpaka uone anaweza kukusikia, mkaanzie hapo.

Usimtumie kalunguyeye aliye hai kama chombo cha somo, umemshika au umemweka kapuni ili mbwa amzoee. Anateseka, na mbwa anazidi kuichukua ile harufu kama mchezo. Mzoga nao usifungwe shingoni mwa mbwa. Na yale makola yanayotoa shoti ya umeme nakusihi uachane nayo: mbwa akipigwa shoti huku akimtazama kalunguyeye, anaamini kalunguyeye ndiye aliyempiga, na safari ijayo anamwendea kwa chuki.

Hatua ya nne: wamekwisha kutana

Weka karai kuukuu, ndoo au pakacha karibu na mlango wa nyuma, mahali panapojulikana na wote. Ndilo la kukimbilia.

Ukisikia ile sauti ya kubweka mahali pamoja, nenda kwa mwendo wa haraka bila kupiga mayowe, kwa kuwa mayowe yako mbwa huyasikia kama unamuunga mkono. Ikiwa kalunguyeye yuko chini amejikunja, mfunike kwa karai na uliwekee jiwe juu. Mbwa haoni tena anachokipigania. Mfunge kamba, mwondoe, mfungie bandani.

Ikiwa yumo mdomoni, usimvute kalunguyeye wala usimvute mbwa, utakachovuta kitachanika. Usitie mkono mdomoni. Mletee maini au kipande cha samaki puani na useme "acha". Asipojali, mmwagie maji usoni, au gonganisha vifuniko viwili vya sufuria karibu na sikio lake. Mara nyingi miiba yenyewe humfanya atue mzigo ili aushike upya, na sekunde hiyo ndiyo ya karai.

Mbwa akishafungiwa, inua karai umulike mara moja. Kama hakuna damu na mnyama amekaza donge lake, yeye ni mzima na ana hofu tu. Zima tochi, ondokeni wote. Atajikunjua mwenyewe baada ya dakika kadhaa, pengine zaidi. Kama yuko upande wa mbwa, mchukue kwa glavu nzito au gunia lililokunjwa, umvushe ua umweke karibu na ukuta wa nje. Usimpeleke mbali. Wapo wenye nia njema wanaowabeba hadi msitu wa Arabuko-Sokoke kuwaachia huko, lakini mnyama aliyehamishwa hajui pa kulala wala pa kula, na akiwa ni mama, watoto wake wamebaki kwako.

Akiwa ameumia, yaani kuna damu, mguu unaburuta, analala ubavu, hawezi kujikunja, au asubuhi unamkuta anatangatanga juani, mtie kwenye katoni yenye matundu na kitambaa ndani. Jaza chupa maji ya moto kiasi, izungushie taulo, iweke upande mmoja wa katoni ili aweze kuisogelea au kuikimbia. Mweke gizani, kimya, mbali na watoto. Akiweza kusimama, mpe maji kwenye kifuniko kifupi. Maziwa usimpe, yanamharisha, na kuharisha kunamuua. Mkate vilevile usimpe. Kidonda cha juu juu kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko cha chai kwa nusu lita. Mafuta ya taa, oili chafu, dawa ya kuoshea kupe na panadoli visimguse.

Nzi ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Katika joto letu hutaga kwenye kidonda ndani ya saa chache. Ukiona vipunje vyeupe kwenye manyoya, viondoe kwa kibano kimoja kimoja kabla havijawa mabuu. Kisha mpigie daktari wa mifugo, au peleka habari kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lenye ofisi pale Casuarina kwenye hifadhi ya bahari. Kumfuga kalunguyeye bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata kama ulimwokota akiwa hoi. Akipona anatakiwa arudi alikotoka.

Ukikuta kiota chenye watoto, kifunike kama kilivyokuwa, usiwaguse. Mama akisumbuliwa anaweza kuwatelekeza au kuwala. Weka kizuizi kati yao na mbwa, na eneo hilo liachwe kwa muda wa wiki sita.

Mbwa naye atazamwe

Asubuhi mfungue mdomo penye mwanga. Tafuta matundu madogo kwenye ufizi, ulimi na midomo. Miiba ya kalunguyeye hubeba uchafu na vidonda hivyo huweza kutunga usaha. Akikataa kula, akivimba shavu au akitokwa na mate yenye harufu, mwone daktari. Kalunguyeye hubeba viroboto na kupe, pia vijidudu vya kuharisha na ugonjwa wa mapunye, kwa hiyo baada ya kumshika yeye au kumkagua mbwa, nawa kwa sabuni.

Mbwa yeyote anayekutana na wanyama wa mwituni awe na chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka bila kuruka. Mtu aking'atwa, iwe na mbwa au na mnyama wa mwituni, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Askari na majirani

Nyumba nyingi za Malindi hukaa miezi bila mwenyewe, akiwa Nairobi au Ulaya, na mbwa wako mikononi mwa askari na mtunza bustani. Mpango wote huu hauna maana kama hao hawaujui. Kaa nao, watembeze uwanjani, waonyeshe matundu, karai na neno la kutumia. Waulize pia, kwani askari wa usiku huwa anajua njia ya kalunguyeye kuliko mtu yeyote: anapotokea, anapopita, saa ngapi. Ua ugawanywe kwa kufuata anayoyasema yeye.

Kwa jirani mwenye mbwa wanaoruka ukuta, nenda mchana, kwa hodi, si kwa simu ya usiku wa manane. "Shikamoo mama. Nimekuja kwa jambo dogo la hawa mbwa wetu." Sema wetu, hata kama wa kwako hajaruka. Mweleze ulivyofanya kwako, na kama ana nafasi, mkubaliane tundu la ukuta wa kati litoboke mahali ambapo mbwa wa pande zote mbili hawafiki.

Mbwa ambaye miezi imepita na bado hasikii neno, kaa naye kwa hali hiyo. Upande wake wa ua uzibwe imara pasipo tundu, mzunguko wa kwanza aufanye kwa kamba kila usiku, na msimu wa kumbikumbi, ardhi ikiwa mbichi baada ya mvua, afunguliwe akiwa amefungwa mdomo kwa kikapu cha waya kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Kikapu hicho avishwe kwa saa ile ya kwanza tu, mtu akiwa karibu, kisha kivuliwe.